Sura ya Sita: Mji wa Njia Nne

Miji ya kale ya pwani yetu, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ilijengwa kwa kipimo cha mguu wa mwanadamu, na mgeni aingiaye humo hana haja ya ratiba, maana hata akipotea katika vichochoro vyake haupiti muda mrefu kabla hajatokea baharini au msikitini, akaelekezwa njia na mtu wa kwanza atakayemsalimu. Dar es Salaam si mji wa namna hiyo. Umetandawaa juu ya ardhi ya takriban kilomita za mraba 1,400, na wakazi wake, ambao mwaka 1957 hawakuzidi 130,000, walihesabiwa katika sensa ya mwaka 2022 wakawa watu 5,383,728 kwa mkoa mzima. Mgeni akija na orodha ndefu ya mahali alipoambiwa asikose kupaona, akaanza juu na kushuka chini kwa taratibu ya karatasi yake, ataona magari mengi kuliko majumba, na siku zake zitakwisha akiwa ameketi dirishani, akinunua karanga na maji baridi kwa wachuuzi wapitao kati ya foleni; jambo ambalo, kusema haki, ni sehemu ya mji wenyewe, lakini halimtoshi mtu aliyefunga safari kutoka Kigoma, au Mombasa, au Maskati, kwa nia mahsusi ya kutembea na kuona.

Asili ya umbo la mji huu ni bandari. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoichagua ghuba hii katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, alivutiwa na maji yaliyojificha nyuma ya mlango mwembamba, yenye kina cha kupokea merikebu, yasiyosumbuliwa na mawimbi ya bahari kuu wakati wa kusi wala wakati wa kaskazi. Wajerumani walipoyahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, sababu yao ilikuwa ile ile, kwani Bagamoyo ilikuwa na sifa na biashara na historia, lakini ufuko wake ni wa maji haba, na meli kubwa zilishurutika kutia nanga mbali. Basi katika ghuba hiyo zilichipuka njia za kwenda bara na za kufuata pwani, nazo ndizo zilizoukuza mji: ya Bagamoyo iendayo kaskazini, ambayo kipande chake cha kwanza leo chaitwa Ali Hassan Mwinyi, ya Morogoro iendayo magharibi, ya Pugu, ambayo sasa ni barabara ya Nyerere, iendayo kusini-magharibi hadi uwanja wa ndege na vilima vya Pugu, na ya Kilwa iendayo kusini. Watu walijenga kandokando ya njia hizi kwanza, kisha wakazijaza nafasi zilizobaki kati yao, ilhali barabara za kukata kati, kama ya Mandela na ya Sam Nujoma, zilikuja nyuma, mji ukiwa umekwisha kuzoea kwenda na kurudi kwa kupitia kitovuni. Ndiyo maana hata leo, ingawa madaraja ya juu yamejengwa Tazara na Ubungo, safari ya kutoka ncha ya njia moja hadi ncha ya nyingine yaweza kumla msafiri nusu ya mchana wake.

Atakayelielewa umbo hilo atakuwa amekwisha kupanga sehemu kubwa ya ziara yake, kwa sababu yaliyobaki yanafuata yenyewe: kila siku ipewe njia moja na isipewe zaidi, na malazi yatafutwe katikati. Katika hili la malazi wapo wengi wanaonibishia. Wao husema kwamba mgeni wa mji wa pwani astahili kulala penye upepo wa bahari, Masaki au Oysterbay au Mbezi Beach, ambako hoteli zina bustani na usingizi hausumbuliwi na honi. Na hoja yao ina uzito kwa yule aliyekuja kupumzika. Lakini aliyekuja kuzuru na autazame mwendo wa mji kabla hajalipa arubuni. Kila alfajiri, tangu saa kumi na moja na nusu, watu wa Tegeta, Kimara, Gongo la Mboto na Mbagala huanza kumiminika mjini kwa mabasi ya mwendokasi, kwa daladala, kwa bajaji na kwa bodaboda. Na tangu saa kumi alasiri mkondo ule ule hugeuka ukarudi ulikotoka, usipungue hadi saa mbili za usiku. Mgeni aliyelala Kisutu, Upanga au karibu na Posta hutoka mjini wakati wenzake wote wanaingia, na hurejea wakati wote wanatoka, na dereva wake humwona kuwa mtu mwenye sudi. Aliyelala Mbezi hujiunga na foleni mara mbili kila siku, tena kwa fedha zake mwenyewe.

Majira nayo yana amri yake. Masika, ambayo aghalabu huanza Machi yakaisha Mei, si wakati wa kuja kutembea, na sababu si kulowa nguo tu. Mto Msimbazi, ambao wakati wa kiangazi ni kijito kisichomtisha mtoto, hufurika katika bonde la Jangwani, na barabara ya Morogoro, iliyo mshipa mkubwa wa mji, hufungwa mahali hapo kwa saa kadhaa, pengine kwa siku nzima, mwendokasi husitishwa, na kila gari lililokuwa lipite hapo hutafuta njia nyingine ambayo tayari imejaa. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, ni ya jua kali na joto la kunata. Bora kuliko yote ni Juni hadi Septemba, wakati kusi inavuma, usiku una ubaridi wa kupendeza na mchana hauchoshi. Ila mgeni wa mwanzoni mwa Julai ajue kwamba maonyesho ya Sabasaba huijaza barabara ya Kilwa watu na magari hata pasipitike. Mwezi wa Ramadhani, ambao wageni wengine huuogopa, mimi naushauri: migahawa mingi hufungwa mchana, ni kweli, lakini mgeni mwenye subira atalipwa magharibi, mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga vitakapoanza kutolewa majumbani na barazani, na hakuna mji wa pwani unaomwacha mpita njia asifuturu.

Jambo la mwisho la maandalizi ni bahari, ambayo wageni hudhani ipo saa zote. Katika pwani hii maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta tatu siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, ndio wakati hasa ambao watu wa mapumziko hufika ufukoni na taulo zao, wakakuta mwamba, mwani na akina mama wakiokota chaza. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi, na kuoga ni raha. Kwa hiyo anayetaka visiwa na aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kuitazama bei ya boti.

Siku ya kwanza, ambayo napenda iwe Jumapili, ni ya miguu. Mji wa kati siku hiyo hutulia, maduka mengi yamefungwa, na majengo ambayo siku za kazi hufunikwa na mabango na magari hujitokeza wazi. Mahali pa kuanzia ni Sanamu ya Askari, pale mtaa wa Samora unapokutana na wa Azikiwe. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Wissmann, naye akashushwa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Askari huyu wa shaba ameielekeza singe yake bandarini. Ni vyema mgeni asimame hapo kidogo na kutafakari kwamba katika mji mzima uliojengwa na watawala wawili wa Kizungu, mmoja baada ya mwingine, sanamu iliyodumu katikati kabisa ni ya Mwafrika asiyetajwa jina.

Kutoka hapo na ateremke hadi ufukoni mwa bandari, kwenye kanisa la Kilutheri la Azania, lenye mapaa ya vigae vyekundu na mnara ambao ungefaa mji mdogo wa Bavaria, na hatua chache magharibi yake kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Watalii wengi hupiga picha hapo wakaridhika. Hasara ni yao, kwa maana wakiendelea mbele kidogo katika barabara ya Sokoine watafika kwenye majengo mawili yaliyotangulia makanisa hayo kwa miongo, nayo ni Jumba la Atiman na Boma la Kale, mabaki ya mji ule ambao Seyyid Majid aliuanza asiumalize. Majid alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash aliyemrithi hakuwa na raghba na mradi huo, mji ukaachwa kuota majani kwa takriban miaka kumi na saba. Kuta za matumbawe za Boma, nene na nyeupe, pamoja na mlango wake wa nakshi, ndizo zinazomwambia mgeni kwamba mji huu ulizaliwa wa Kiswahili na wa Kiarabu kabla haujavikwa vazi jingine, na kwamba aliyeubuni aliukusudia kuwa mji wa starehe na biashara, si wa ofisi.

Arudi sasa mashariki akiifuata bahari hadi Feri, kwenye soko la samaki. Hapa pua itatangulia macho. Akifika kabla ya saa tatu ataukuta mnada ungali moto, nguru na jodari wamelazwa kwa urefu wao, changu na tasi wamefungwa kwa mafungu, pweza wakipigwapigwa chini walainike, na nyuma ya yote wakaangaji na masufuria yao makubwa, kila mmoja na moshi wake. Asivae viatu vya kitambaa. Kamera aishike kwa adabu, aombe ruhusa ya mtu kabla ya kumpiga picha, na atakapotoka sokoni akapita karibu na Ikulu ya Magogoni aifiche kabisa, kwani Ikulu, bandari na majengo ya jeshi hayapigwi picha, na askari wa zamu hana wajibu wa kumfafanulia mgeni falsafa ya sheria hiyo. Baada ya Ikulu njia hujipinda pamoja na bahari, upepo hubadilika, na hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambayo sasa hutibu maradhi ya saratani, huonekana na kuba zake nyuma ya miti.

Saa ya jua kali ni ya Makumbusho ya Taifa, katika mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea ambayo nayo ni ya enzi ya Wajerumani. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1940. Humo limo fuvu la Zinjanthropus, alilolifukua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni moja na robo tatu, na vimo pia vyombo vya Kilwa, magari ya viongozi, na kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani mwaka 1998. Panatosha saa mbili. Mgeni mwenye haraka ya kupitia vyumba vyote kwa nusu saa ni afadhali abaki bustanini.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, jua likishapungua nguvu, yafaa avuke mji kwa miguu kutoka makumbusho kwenda magharibi, apite Kisutu na mahekalu yake ya Kihindi, ajongee Mnazi Mmoja, na aangalie namna nyumba zinavyobadilika. Jambo hili halimo katika vitabu vingi vya wageni, ilhali kwangu ni darsa kubwa kuliko makanisa. Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi, Waingereza wakazishika na kuzikaza, na kwa kanuni hizo mji uligawanywa katika maeneo matatu: mashariki, penye upepo na bustani, Uzunguni, katikati, penye maduka na ghorofa, Uhindini, na magharibi Uswahilini, ambako aliruhusiwa kujenga asiye na fedha za mawe. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo una Mnara wa Mwenge na hadhara za sikukuu, uliachwa wazi makusudi kuwatenga hawa na wale. Sheria zimekufa, lakini mtaa haufi upesi. Mwenye macho atauona mpaka ule katika upana wa barabara, katika miti, na katika ukubwa wa viwanja, na ataelewa kwa nini katika miaka ya 1950 mikutano ya siasa ilivuta umati katika uwanja huo na katika ukumbi wa Arnautoglu ulio kandoni mwake.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ni Kariakoo, na Kariakoo isizuriwe Jumapili. Ipewe asubuhi yake ya siku ya kazi, kuanzia saa mbili, kabla umati haujakaza. Hapa Waingereza walikusanya wapagazi wa jeshi lao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha pakawa soko, na jengo tunalolijua, lenye paa la zege la umbo la miavuli iliyopinduliwa, lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kiafrika katika nchi hizi, likafunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Moto uliliunguza mwezi Julai 2021. Lakini soko lenyewe halijapata kutosha ndani ya jengo, wala halitatosha: ni mitaa mingi, kila mtaa na bidhaa yake, na mgeni hana budi kuchagua. Anayependa nguo aende mtaa wa Uhuru kwenye kanga na vitenge. Anayependa mpira atake aonyeshwe klabu za Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, na Yanga, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, ambazo makao yao yako jirani kiasi cha kusikilizana makelele, na azingatie rangi ya shati alilovaa siku hiyo.

Pochi na simu viwekwe mbele, mahali ambapo mkono unafika. Kuhusu kuuliza njia, mtu wa mji mkubwa hana kiburi kama asemavyo mtu wa mikoani, ila anayaenzi maamkizi, na swali lisilotanguliwa na salamu hujibiwa kwa kidole tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko mtokako?"

"Hatujambo. Naomba unielekeze kwa wauza kanga."

"Nyoosha hivi hivi, ukiona wenye majora ya vitenge ndipo hapo hapo. Bei usikubali ya kwanza."

Bibi huyo, mwenye meza ya karanga na ubuyu, amempa mgeni zaidi ya alichokiomba, na ramani ya simu haijui kufanya hivyo.

Katika njia nne, ya kaskazini ndiyo tajiri kuliko zote, nami huigawia siku mbili: moja ya nchi kavu na moja ya maji. Siku ya nchi kavu huanzia Kijiji cha Makumbusho, ambako tangu miaka ya 1960 zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba za Wazaramo, Wachaga na wengineo. Wapo wanaopadharau mahali hapa wakisema nyumba isiyokaliwa ni maiti ya nyumba. Siafikiani nao, kwa kuwa nimeona watoto wa Sinza na Tabata, ambao mababu zao walizaliwa katika tembe, wakiinama kuingia mlangoni kwa mara ya kwanza na kushangaa ubaridi uliomo ndani bila feni. Mbele ni Mwenge, kwa wachonga vinyago wa Kimakonde, ambako ni bora kumtazama fundi akifanya kazi kabla ya kuuliza bei. Akiwa na wakati apinde kwa barabara ya Sam Nujoma apande Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilihamia kilima hicho mwaka 1964; ukumbi wa Nkrumah ni jengo la kutazamwa, na miti yake ina kima wengi wasio na haya.

Wakati wa kurudi, jua likishapinda, apitie Oysterbay kwenye chama cha wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha uchoraji huo wa rangi nzito juu ya ubao, aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wamekuwa wakichora tangu siku hiyo. Kutoka hapo ni karibu na Coco Beach, na Coco Beach ni ya jioni: mihogo ya kukaanga yenye chachandu, mishikaki, madafu, vijana wakipiga picha, familia nzima zikiwa zimeketi juu ya jamvi. Asiyependa umati aikwepe siku ya Jumamosi na Jumapili. Kisha arejee mjini kwa daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lipitalo juu ya bahari yenyewe kwa kiasi cha kilomita moja. Hapo upande wa kulia ni taa za Upanga na upande wa kushoto ni giza la bahari na merikebu zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini.

Siku ya maji ni ya Kunduchi na Mbudya. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na kwa hiyo kuna ada ya kuingia, mbali na nauli ya boti. Bongoyo huendewa kutoka Msasani, nayo yafaa kwa mwenye nusu siku. Mbudya huendewa kutoka Kunduchi, nayo ni bora, kwa sababu aliyekwisha fika Kunduchi anaweza kuyaona magofu ambayo watu wengi hupita bila kuyajua. Msikiti wa kale umebaki kuta, na makaburi yenye minara, ambayo zamani yalipambwa kwa sahani za Kichina, yamesimama kati ya mibuyu. Nyingi za sahani zimeng'olewa, zimebaki alama za mahali zilipokaa. Ni pa kimya, hakuna wachuuzi, na kiongozi akipatikana ni heri, asipopatikana si hasara kubwa. Bagamoyo, iliyo kilomita takriban 70 kutoka mjini, nasihi isiingizwe katika siku hii wala katika ziara hii. Ni mji wenye haki yake, na una sura yake mbele katika kitabu hiki.

Njia ya Morogoro huhitaji asubuhi moja tu, na uzuri wake mmojawapo ni chombo chenyewe, yaani mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kivukoni na Kimara, yenye njia zake peke yake. Mgeni apande baada ya saa tatu, msongamano ukishapungua, ashuke Magomeni akaione nyumba ya Mwalimu Nyerere, nyumba ndogo ya kawaida ambayo alikaa baada ya kuacha ualimu mwaka 1955, na ambayo sasa ni makumbusho. Kisha aendelee hadi Kimara na kurudi, asifanye lolote ila kutazama dirishani, kwani hapo ndipo atakapouona mji walimokaa watu wengi zaidi, vilima kwa vilima vya mabati, misikiti na makanisa na mafremu ya maduka, mji ambao hakuna aliyeuchora kabla haujajengwa.

Njia ya Pugu ina shule ambako Mwalimu alifundisha kabla ya kukabiliwa na hiari ya kuchagua siasa au ualimu, na ina msitu wa Pugu, ambao mwenye kupenda ndege na miti atautafutia siku yake na kibali chake. Kituo cha Tazara, kilicho katika njia hiyo hiyo, ni jengo kubwa tulivu la Kichina la miaka ya 1970, na kwa yule anayejua kwamba reli yake huenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, robo saa ya kusimama ukumbini si bure. Njia ya Kilwa, kwa mgeni asiye na jamaa Mbagala, haina mengi nje ya siku za Sabasaba na siku za mpira. Lakini kama Simba na Yanga wanakutana katika uwanja wa Mkapa, basi ratiba yote niliyoiandika hapa na itupwe kando, tiketi itafutwe mapema, na siku nzima, tangu asubuhi, iwe ya Temeke.

Imebaki Kigamboni, ambayo si ya njia yoyote kati ya nne, kwa kuwa mlango wa bandari umeitenga na mji. Huendewa kwa pantoni kutoka Feri, mwendo wa dakika chache wenye abiria, magari, baiskeli na vikapu vya kuku katika sitaha moja, na kutoka katika pantoni hiyo ndipo uso wa mji huonekana vizuri kuliko mahali popote pengine: minara ya makanisa kwa chini, na ghorofa mpya za vioo nyuma yake zikiifanya midogo. Fuko za Mjimwema ni safi na pana. Kurudi apite daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa meta 680, ili asirudie njia ile ile na ili aione bandari upande wa ndani, palipo makontena na mikoko.

Siku ya kuondoka mgeni wa ndege asiitegemee kwa lolote jingine. Uwanja wa ndege uko kilomita kama kumi na mbili tu kutoka Posta, na wengi hudanganywa na umbali huo, wakapanga kununua zawadi Kariakoo saa tisa wapande ndege saa moja. Barabara ya Nyerere jioni ya Ijumaa haiheshimu tiketi ya mtu. Aondoke mapema, akasubiri huko. Wa Morogoro na Dodoma, ambao sasa wana treni ya umeme, hawana dhiki hiyo: stesheni iko karibu na katikati ya mji, si mbali na Mnara wa Saa, wanaweza kwenda kwa miguu, mzigo ukiwa mwepesi, na wakipita kwenye kahawa chungu na kashata njiani wasikatae kikombe cha pili.